Huyu Aliyekaa na Mimi ni Nani?

Gauni lilikuwa la kukodi, na Jumatatu jioni lilitakiwa liwe limerudi saluni, Mwanza mjini. Ndiyo maana Jumapili ile, siku moja baada ya ndoa, biharusi alilivaa tena, akapambwa upya mbele ya kioo cha nyumba ya wageni pale Nansio, tukajipakia watu sita kwenye Noah kwenda kuizunguka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Ilikuwa Agosti 2013. Nilikuwa na miaka miwili kazini, kamera moja, lenzi mbili, na fleshi ambayo pesa yake nilikuwa bado nadaiwa.

Tulivuka Ijumaa kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini kwa MV Clarias, safari ya saa tatu na ushee. Matroni alilishika gauni mkononi njia nzima, likiwa ndani ya mfuko wake, kwa sababu hakuwa tayari kuliweka chini katikati ya kreti za soda na matenga ya kuku. Mimi nilipakata begi la kamera. Tulikaa hivyo, kila mtu na mtoto wake, mpaka Nansio ilipoonekana.

Bwana harusi alizaliwa kisiwani, akasomea Mwanza, akapata kazi huko huko. Alitaka picha zioneshe kwao, na alikuwa amepanga kila kitu kichwani: asubuhi Bukindo, kwenye jengo la ikulu ya mtemi, kisha mawe ya Handebezyo, ambako ukipanda unaliona ziwa pande zote, jioni msitu wa misonobari wa Rubya na ufukwe wake. Biharusi aliomba sehemu moja tu. Alitaka kwenda kwa bibi yake mzaa mama, ambaye miguu ilimkatalia kuja kanisani.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya ziwa barani Afrika, na asiyekijua hudhani atakimaliza kabla ya chai ya saa nne. Barabara ilikuwa ya vumbi. Tulifunga vioo, joto likatuzidi, tukafungua, vumbi likaingia, tukafunga tena. Matroni alitandika khanga mbili juu ya gauni. Bukindo tulipiga picha nzuri na haraka, kwenye kivuli cha kuta nene za jengo lile la zamani. Handebezyo upepo ulilichukua shela, mpambe akalikimbilia mpaka kwenye majani. Picha za pale maharusi walizipenda. Mimi siku hizi nazipita tu, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda na vivuli vya macho vimekuwa mashimo.

Kwa bibi tulifika saa saba mchana, saa mbaya kuliko zote kwa mpiga picha katika nchi yetu. Huku kwetu jua la saa saba linasimama utosini. Nyumba ilikuwa ya bati, yenye mwembe mkubwa mbele na michungwa nyuma, machungwa bado mtini. Bibi alikuwa amekaa chini ya mwembe juu ya kigoda, kichwa amekifunga, na amevaa kitenge kipya kabisa, rangi ya chungwa lililoiva, chenye maua makubwa ya kijani. Biharusi ndiye aliyekuwa amekituma kutoka Mwanza. Mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana magotini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmechelewa, wali umepoa."

Biharusi akapiga magoti kwenye mkeka, gauni likamzunguka jeupe lote. Bibi akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwangalia kwa muda. Kisha akalowesha kidole gumba ulimini, akamfuta poda shavuni, mfuto mmoja, kutoka chini ya jicho mpaka karibu na mdomo. Matroni akapiga kelele. Bibi hakugeuka.

"Nikuone," akasema.

Poda ile ilikuwa nyeupe kuliko ngozi ya binti, kama ilivyo kawaida ya upambaji wa maharusi mjini. Pale kidole kilipopita pakabaki mstari wa rangi yake mwenyewe, ya kahawia iliyokolea, unaong'aa kidogo kwa unyevu. Biharusi akaanza kucheka huku machozi yanamlenga.

Hapo lazima nieleze kidogo kazi ilivyo, maana ndipo kisa chote kilipo. Kamera haijui gauni wala haijui uso. Inapima mwanga unaoingia, na inataka kila kitu kitoke katika kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye nguo nyeupe nyingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi uliomo katikati ya weupe ule unazama. Mzee aliyenifundisha kazi, aliyekuwa na studio Mwanza tangu enzi za filamu, alikuwa akinisimulia kuhusu kadi za Shirley: kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ambazo wasafishaji wa picha za rangi walizitumia kwa miaka mingi kupimia kama rangi zimetoka sawa. Uso wake ndio uliokuwa kipimo. "Kwa hiyo wewe," mzee aliniambia, "usikubali kamera ikupangie. Sogea, pima shavuni, ndipo urudi nyuma upige."

Nilimtii. Nilisogea mpaka nikasikia biharusi akipumua, nikapima mwanga kwenye shavu lile lililofutwa, nikarudi hatua nne. Nilimwomba dereva ashike shuka jeupe la kitandani kwa bibi, alikinge kwenye jua nje ya kivuli cha mwembe ili lirudishe mwanga usoni mwa binti. Alilishika kama anayekamata mbuzi, miguu ameitanua, lakini mwanga ulikuja laini, kutoka ubavuni, kama wa dirisha. Uwanja nyuma yao ukaungua wote kwa jua. Sikujali. Nilipiga kama mara kumi na tano. Katika mojawapo, kidole cha bibi bado kiko hewani, biharusi amefumba jicho moja, na mstari ule wa kahawia unaonekana wazi shavuni.

Nilijua pale pale kwamba hiyo ndiyo picha. Mikono ilikuwa inanitetemeka.

Tulikula wali na sato, tukapewa machungwa nusu kiroba, na Rubya tukafika saa kumi na moja na nusu. Karibu na ikweta jua halizami kwa kuzungukazunguka. Linashuka wima kama ndoo kisimani, na ule mwanga mzuri wa dhahabu unao kwa dakika chache tu. Ufukweni kina mama walikuwa wanakusanya dagaa waliowaanika juu ya nyavu tangu asubuhi, kabla umande haujawaharibu. Walipomwona biharusi wakapiga vigelegele, mmoja akakunja wavu wake ili gauni lipite. Alivua viatu. Dagaa wachache walinasa kwenye pindo la gauni, wakavu, wembamba, wakimetameta kuliko shanga zake, na nikaomba asiwatoe. Jua lilizama kama saa kumi na mbili na dakika hamsini. Mitumbwi ikaanza kutoka na karabai zake, moja, mbili, halafu nyingi, mpaka mbali kule majini pakawa kama pana mji.

Jumatatu tulirudi Mwanza. Saluni walitoza faini kwa ajili ya pindo la gauni, bwana harusi akalipa bila neno.

Sasa kosa. Picha nilizipeleka kwenye studio moja ya kusafishia picha mjini, sitaitaja, kwa ajili ya albamu na picha tatu kubwa za fremu. Fundi wa kompyuta aliniuliza, kama anavyowauliza wapiga picha wote: "Ning'arishe?" Nilikuwa na harusi nyingine Jumamosi ile, pikipiki inanisubiri nje. Nikamjibu, "Ng'arisha kidogo." Maneno mawili. Siku ya kuchukua nilikagua jalada, nikahesabu kurasa, nikaangalia majina kama yameandikwa sawa. Nyuso sikuziangalia. Mtu aliyekuwa amesogea mpaka kwenye pumzi ya binti ili apime shavu lake, hakusogea hata hatua moja kuitazama karatasi.

Oktoba biharusi alinipigia simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Kaka, tumempelekea bibi picha yake. Ameishika, ameigeuza, ameniuliza, 'Huyu aliyekaa na mimi ni nani?'"

"Amekuuliza wewe?"

"Mimi nimesimama mbele yake. Akasema, 'Mimi najiona, kitenge changu hiki hapa. Lakini huyu binti wa watu ni nani?'"

Nilienda kwao jioni ile ile kuiangalia albamu. Fundi alikuwa amempa biharusi rangi ya maziwa ya chai. Ngozi ilikuwa laini kama plastiki, haina kitundu, haina kipele, na shavuni mstari wa kidole haukuwepo. Umefutwa. Bibi amefuta poda kwa kidole chake, na sisi tumeirudisha kwa kompyuta, tukaipaka mpaka shingoni. Kidole gumba kilikuwa bado kipo hewani, kimeinuliwa bure, kama kinaonya.

Nimewasikia wenzangu wengi wakisema wateja ndio wanaotaka. Wapo wanaotaka, ni kweli. Lakini binti huyu hakuulizwa, wala mimi sikuulizwa na yeye. Nilimjibia. Naamini hadi leo kwamba hakuna haki niliyokuwa nayo ya kumjibia mtu kuhusu rangi ya uso wake, na nikikumbuka jinsi nilivyosema haraka, mguu mmoja uko nje ya mlango, bado moto unanipanda masikioni.

Faili zenyewe, kama zilivyotoka kwenye kamera, nilikuwa nazo kwenye diski. Nilienda studio nyingine, nikakaa kwenye stuli ubavuni mwa fundi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Tulisafisha kipande kidogo cha shavu peke yake, mara nne, kila mara natoka nacho nje kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa za dukani zinadanganya. Cha kwanza kilikuwa chekundu mno. Cha tatu kilizama. Cha nne kilikuwa yeye.

Desemba nilipanda meli peke yangu, albamu mpya begini na fremu nimeifunga kwa blanketi. Bibi alikuwa pale pale chini ya mwembe. Safari hii machungwa yalikuwa yameisha, na mvua ilikuwa imenyesha, uwanja unanukia udongo. Nilimwamkia, nikafungua blanketi, nikamwekea fremu mapajani.

Aliisogeza karibu na macho, akaitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole gumba juu ya kioo, pale pale shavuni.

"Hapa nilimfuta," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Alikuwa amejipaka unga huyu."

Akacheka, nami nikapata kupumua. Picha ya zamani ilikuwa inaning'inia ukutani sebuleni. Niliiona kupitia mlangoni. Nikainuka nikaishusha ili niondoke nayo. Nilitaka niichome, nikiri tu, nilikuwa nimeshapanga nitaichomea wapi.

"Unaipeleka wapi?"

"Hii ina makosa bibi. Ndiyo maana nimekuletea hiyo."

"Lete hapa."

Akaziweka zote mbili mapajani, bega kwa bega. Akagonga ile ya zamani kwa ukucha, si kwenye uso wa mjukuu wake, bali chini, magotini pake mwenyewe.

"Kitenge changu kimetoka humu. Angalia na hiyo yako."

Nikachuchumaa niangalie. Ilikuwa kweli. Siku ile nilipima shavu la biharusi na shuka nikalielekeza kwake peke yake. Bibi alikuwa amekaa ndani zaidi ya kivuli. Katika picha yangu kitenge kilikuwa kimefifia, rangi ya chungwa imekuwa ya udongo, maua ya kijani hayahesabiki. Katika ile ya zamani, yule fundi aliyeng'arisha kila kitu alikuwa amekitoa chote, mpaka mikunjo ya dukani.

"Na kitenge chenyewe kimeshapauka," bibi akasema. "Hiki kilichomo humu ndicho kilichobaki kipya."

Akamwita mtoto aliyekuwa anacheza karibu na michungwa, akamtuma nyundo na misumari miwili.