Nilivyojifunza kuipima Duvel kwa ulimi wangu

Bia kali za dhahabu za Ubelgiji humpa kazi kila anayetaka kuzipima, kwa sababu nguvu zake zimejificha. Ukiitazama Duvel kwenye glasi utadhani ni laga ya kawaida: nyeupe-njano, inang'aa, povu jeupe juu. Kumbe kileo chake ni asilimia 8.5. Chupa yake ndogo ya sentilita 33 ina karibu mililita 28 za kileo halisi, wakati nusu lita ya bia ya asilimia 5, ile tuliyoizoea nyumbani, ina mililita 25. Mtu akiinywa kwa mwendo wa laga, kichwa kinachukuliwa kabla ulimi haujasema lolote. Mimi nilitaka ulimi useme.

Ninaishi Antwerpen, na Breendonk, kijiji inakopikwa bia hii, hakiko mbali. Kipo njiani kuelekea Brussels. Kiwanda cha ukoo wa Moortgat kilianza mwaka 1871. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Albert Moortgat alikwenda Scotland kutafuta hamira nzuri, na bia mpya ikatoka, kwanza kwa jina la Victory Ale, kisha Duvel. Wakati huo ilikuwa na rangi iliyokolea. Ya dhahabu ilikuja mwaka 1970. Safari hiyo ya Scotland naitaja kwa sababu katika bia hizi hamira ndiyo mpishi mkuu. Kimea ni cheupe, cha shayiri, na hakina mengi ya kusema. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ni za Saaz na za Styria, zenye harufu ya majani na maua. Matunda na viungo unavyovisikia puani vimetengenezwa na hamira.

Hapo ndipo malezi ya Moshi yalinisaidia. Nimekua nikiijua mbege, pombe yetu ya ndizi, na ndizi ya mbege ni ndizi kweli, imechemshwa na kuchanganywa na ulezi uliooteshwa, na uchungu wake hutoka kwenye gome la msesewe. Nilipoinusa bia ya Kibelgiji na kukuta harufu inayokaribia ndizi nilishangaa, maana hakuna aliyetia tunda. Ni isoamili asetati, kemikali yenye harufu ya ndizi inayotolewa na hamira inapochachua, hasa kwenye joto. Kidogo chake hukaa puani kama pea lililoiva. Kikizidi, ndizi inafunika kila kitu, na kwa bia ya aina hii nahesabu kasoro. Duvel nzuri huniletea pea, ganda la chungwa, na nyuma yake pilipili manga. Karafuu ikisikika iwe kwa mbali sana.

Utaratibu niliokuja kuutegemea unaanza na baridi. Bia naitoa ikiwa na nyuzi 6 hivi. Glasi naiosha kwa maji ya moto na kuisuuza vizuri, kwa sababu mafuta au sabuni kidogo tu huua povu, na povu hapa ni sehemu ya hukumu. Glasi yenyewe ina umbo la ua la tulipu, na inapokea chupa nzima pamoja na povu lake refu. Namimina polepole glasi ikiwa imelala, kisha naisimamisha, na naacha kiasi cha kidole kwenye chupa, kwani chini kuna mashapo ya hamira. Bia hii huchachuka tena ndani ya chupa, ndiyo maana gesi yake ni nyingi kupita laga.

Kunusa ni kabla ya kuonja, tena mara moja, kwa sababu gesi inapopanda hubeba zile harufu nyepesi na zikiondoka hazirudi. Baadaye naiacha ipate joto hadi nyuzi 10 au 12, nanusa tena. Baridi huficha makosa. Bia iliyochachuliwa vibaya ikipata joto hutoa harufu ya spiriti ya kusafishia vidonda, na kooni huchoma. Kileo kizuri hupasha kifua bila kuchoma. Kutofautisha kupasha na kuchoma ndiko kulikonichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na kwangu ndiyo alama kubwa ya bia kali.

Halafu ukavu. Wapishi huongeza sukari ya deksitrosi, na hamira huila karibu yote. Kileo kinapanda, uzito haupandi. Gesi inausugua ulimi, uchungu wa hopsi unafunga mlango, na baada ya kumeza utamu unakuwa umeshaondoka. Bia ya asilimia 8.5 inayobaki mdomoni kama asali imeshindwa kazi yake, hata kama ni tamu.

Ili niamini ninachosikia, mke wangu alinimiminia glasi tatu nikiwa chumba kingine: mbili za bia moja, moja ya nyingine. Alikuwa na Duvel na Delirium Tremens ya kiwanda cha Huyghe, Melle, ambazo zote zina asilimia 8.5, kwa hiyo nguvu haikuweza kunisaidia kubahatisha.

"Usinipe hata ishara, mama watoto," nilimwambia.

"Wewe nusa tu, baba. Mimi uso wangu nimeufunga."

Nilionja vijiko vichache vya kila glasi, na maji na kipande cha mkate mkavu katikati. Ile ya kati ilikuwa na matunda laini zaidi na utamu uliochelewa kuondoka. Mbili za pembeni zilikatika haraka na kuacha uchungu safi. Nikasema ya kati ni Delirium. Ilikuwa yenyewe. Tulirudia siku nyingine akiwa amebadilisha mpangilio, na jibu likasimama.

Alama natumia mizani ya waamuzi wa mashindano: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na jumla ya bia nzima 10. Duvel niliipa 43 kati ya 50, Delirium 39. Mwonekano na harufu zilikaribiana. Tofauti niliikuta kwenye ladha, pale mwishoni, ambako Duvel ni kavu zaidi. Mke wangu angegeuza matokeo, kwa sababu anapenda ule utamu unaochelewa, na maelezo yake yalikuwa na hoja: aliutaja kabla mimi sijamwambia nilichoandika.