Chupa za "dawa ya ubongo"
Tangu mdogo wangu aanguke na bodaboda hapa Moshi akaumia kichwa, kila anayekuja kumjulia hali ana chupa ya kutuuzia. Mafuta ya samaki, ginkgo (dawa ya majani ya mti), sitikolini (kirutubisho kinachosemwa kinasaidia ubongo). Hiyo ya mwisho bei yake ni mbuzi mzima, jamani!

Sitikolini ilishajaribiwa Marekani kwa watu 1,213 walioumia ubongo, majibu yakatoka 2012: waliopewa hawakupona vizuri kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ginkgo nayo yaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Daktari wake hataki hata kuisikia.

Hela tunaipeleka kwenye nauli ya mazoezi. Jana kafunga vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimeruka tundu, akagoma nisimrekebishie. Na mtori wa mama anamaliza bakuli. Wenye chupa, karibuni chai tu.