Nilivyomrekodi kungwi bila kurekodi unyago

Bibi niliyetaka kumtengenezea filamu anaishi Newala. Ni kungwi wa siku nyingi, na kazi iliyompa jina haionyeshwi: asiyechezwa unyago haingii ndani, sembuse kamera. Basi filamu ya maisha yake ingekuwa na nini?

Njia niliipata kwa mtu wa mbali kabisa. Candida Royalle aliigiza filamu za ngono Marekani, kisha mwaka 1984 akaanzisha kampuni yake New York, Femme Productions, akawa anaongoza filamu za watu wazima zinazoyatazama mapenzi kwa jicho la mwanamke. Alifariki 2015. Filamu zake sikuzitafuta, na kwetu Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imepiga marufuku kusambaza ponografia. Kilichonivuta ni kwamba aliandika shajara tangu usichana wake, na leo zimehifadhiwa Maktaba ya Schlesinger, Chuo Kikuu cha Harvard. Kumbe hata maisha ya mtu kama yule yanasimulika bila kuonyesha kitanda.

Bibi hana shajara, ila ana wanawake aliowacheza. Nikawafuata. Mmoja anakaanga samaki, mwingine ni nesi. Sikuwauliza walifundishwa nini. Niliwauliza bibi alikuwa mkali kwa lipi, aliwacheka lini, nani alilia akataka kurudi kwa mama yake. Hapo maneno yakamwagika mpaka betri ikaisha.

Kwa bibi mwenyewe kulikuwa na masharti. Mpiga picha wangu ni mwanaume, akabaki nje chini ya mkorosho, kamera nikaishika mimi. Nimechezwa, na kwa umri ni mjukuu wake, kwa hiyo utani ulitufungulia mlango.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu kaburini, umekuja kurithi nini?"

Nyumba ni ya bati, sauti inarudi vibaya. Nikatundika khanga ukutani, kipaza sauti nikakibana kwenye mtandio wake. Nilirekodi mikono: anavyowasha majani makavu, anavyoikausha ngozi ya ngoma motoni, anavyoigonga kwa kidole na kusikiliza, anairudisha tena. Nyimbo alikataa kuziimba kwa maneno, akazivumisha tu mdomo ukiwa umefungwa. Kwangu hicho ndicho kipande bora kuliko vyote, maana aliyechezwa anaujua wimbo, na asiyechezwa anasikia mwanamke mzee akijifurahisha.

Kabla ya kuombea kibali Bodi ya Filamu nilimwonyesha yeye kwanza, kwenye simu. Akaamuru niondoe sehemu anayomtaja jirani yake. Nikaiondoa palepale, akakagua tena.

Onyesho la kwanza lilikuwa uani kwake, wanawake peke yao. Mpiga picha aliiona kesho yake, akataka kujua kwa nini walicheka sana kwenye wimbo usio na maneno. Bibi akamwambia aende akaoe kwanza.