Nyumba ya Mzee Palmer

Mjomba alipokuja Uingereza mwaka 2012 kumwona mjukuu wake, ombi lake lilikuwa moja tu: nimpeleke Wilmcote. Alipokuwa akisoma Leeds miaka ya 70 alifika kijijini hapo, akapigwa picha mbele ya nyumba aliyozaliwa Mary Arden, mama yake Shakespeare. Picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwake Iringa, juu ya redio, na ole wake mtoto aliyeigusa. Mwalimu wa Kiingereza, ungetegemea nini?

Kutoka Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, ni mwendo mfupi wa treni. Nyumba yenyewe ilikuwepo, imetulia, nguzo zake za mbao zimesimama wima, zimesongamana kama meno ya kitana. Karne ya 16 nyumba haikuhitaji mbao zote hizo ili isimame. Mwenye nazo alizipanga mbele ili wapita njia wajue anazo. Mjomba alipitisha kidole penye kiungo, akagusa kigingi cha mbao kilichochomoza kidogo. Alitafuta msumari, hakuuona. "Fundi huyu hakuwa na mchezo."

Ndipo binti aliyekuwa akiwatembeza wageni, amevaa kama mke wa mkulima wa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, akatuambia kwa upole kwamba hii ni nyumba ya Adam Palmer. Ya kina Arden ni ile pale jirani, yenye matofali.

Mjomba alinyamaza. Binti akaendelea. Mwishoni mwa karne ya 18, John Jordan, mtu wa Stratford aliyekuwa akiwaonyesha wageni mambo ya Shakespeare, alisema Mary Arden alikulia hapa, na watu wakakubali. Nani asingekubali, kwa uzuri huu? Mwaka 1930 taasisi ya Shakespeare Birthplace Trust ikainunua, ikaitunza. Mwaka 2000 nyaraka za zamani zikaumbua kila mtu: mwenye nyumba alikuwa Palmer, jirani na rafiki wa Robert Arden, baba yake Mary. Nyumba ya Arden ni Glebe Farm, ambayo baadaye ilivishwa matofali hadi ikafanana na nyumba yoyote ya shamba. Pete za miti kwenye boriti zake zilionyesha kuwa miti hiyo ilikatwa mwaka 1514.

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: taasisi ilikuwa imeshainunua hiyo Glebe Farm mwaka 1968, isije ikapotea, bila kujua ni ya nani. Kwa hiyo mimi Jordan simlaumu. Bila porojo yake sijui kama nyumba hata moja kati ya hizo mbili ingetufikia.

"Ina maana miaka yote hii nimemtundika mzee Palmer ukutani?" Mjomba aliuliza hatimaye. Binti alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

Nilimshauri tukapige picha mpya kwenye nyumba ya kweli. Alikwenda, akaizunguka, mikono nyuma. "Hizi hata Iringa zipo," akasema, akarudi zake kwa Palmer. Huko alikuta banda la njiwa la mawe, ndani lina matundu zaidi ya 600, akataka kujua lilikuwa la nani.

"La shamba hili hili," binti alimjibu.

Mjomba akanigeukia. "Unaona, bwana? Huyu ndiye alikuwa na mali."