Wifi yangu na vidonge vya damu

Wifi yangu wa Newala ana mimba ya miezi sita, na pindo la kanga yake halikosi kipande cha pemba. Anatafuna udongo ule kama korosho. Kiganja chake kimekuwa cheupe. Kliniki walimpima, damu 8.9, wakati mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11.

Vidonge vya kuongeza damu anavyo, kopo limejaa. "Wifi, vinanitia kichefuchefu, halafu choo kinakuwa cheusi." Weusi ule unatokana na chuma kilichomo kwenye kidonge, haudhuru. Nimemwambia ameze usiku akishakula, kwa maji ya ndimu, si kwa chai ya rangi. Chai inazuia chuma kuingia mwilini, na kwetu hata mtoto mdogo anapewa chai pamoja na chakula!

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake na 58 ya watoto chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Lishe duni, malaria, minyoo, vyote vimo. Kinachoniuma ni mume kumwita mvivu mke anayehema na ndoo ya maji kichwani. Kaka yangu nimeshamwambia: nunua dagaa, na kliniki mwende wote, na mtoto mkubwa naye apimwe.