Mguu wa Mzee wa Lugazi

Juzi tukienda dukani, mwanangu aliniuliza mbona kila tukifika penye shimo nanyooshea chini kidole. Kumbe ni kweli. Mkono uko nyuma ya kiuno, kidole kinaonyesha lami, kama tunavyowaonya wenzetu walio nyuma tukiendesha baiskeli kwa msafara, na nyuma yangu hakuna baiskeli hata moja.

Nikamkumbuka yule mzee.

Ilikuwa Jumamosi, safari yetu ya baiskeli kutoka Kampala hadi Jinja, kilomita 80 hivi. Mukono tukaipita kabla ya jua kali, Namawojjolo wachoma kuku ndio kwanza wanawasha moto. Msafara wetu una desturi yake: mbele unakula upepo, ukichoka unajitoa pembeni na kurudi mkiani. Asiyeshika zamu hatukanwi, ila kwenye chai hakuna anayemsogezea kiti.

Lugazi, penye miwa, akajiunga nasi mzee mmoja na baiskeli nyeusi ya chuma, mikungu miwili ya matoke imefungwa kwenye keria kwa tyubu kuukuu. Miguuni sapatu. Akajibanza nyuma yangu, karibu kweli, lakini gurudumu lake halikupishana na langu hata mara moja. Wapo wenzetu wenye baiskeli za bei mbaya ambao hilo bado linawashinda.

"Jambo, mzee."

"Muzuri. Endesha."

Kapteni akageuka na kuguna: huyo anajikinga upepo nyuma ya wenzake bure.

Kisha mteremko mmoja ndani ya msitu wa Mabira. Matoke yakamsukuma. Akatupita wote, akakaa mbele, upepo wote wake. Mikono miwili imeng'ang'ania breki, maana kwa mzigo ule ukiachia mkono mmoja umekwisha. Ghafla mguu wake wa kushoto ukatoka kwenye pedali, ukanyooka pembeni, sapatu ikining'inia kwenye kidole gumba. Sikuelewa, nikamfuata tu alivyopinda. Shimo likapita kushotoni kwangu, refu, kingo zake kali, maji mekundu yamejaa ndani. Mguu ukarudi. Mbele kidogo ukatoka wa kulia, na msafara mzima ukajivuta kushoto. Basi likatupita likipiga honi, mzee hakutikisika.

Mlima ulipoanza akashuka, akasukuma baiskeli yake, akatupungia tupite.

Najjembe, tuliposimama kula gonja, zile ndizi za kuchoma, ubishi ukawaka. Mimi ni mtoto wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako baiskeli zilivusha abiria kati ya forodha na forodha kabla pikipiki hazijazinyang'anya kazi, na ole wako ukimchukua abiria wa aliyekutangulia foleni. Kwa hiyo nilimtetea mzee: zamu ameshika, mashimo ameonyesha, adabu gani tena inatakiwa? Kapteni akasema mguu si ishara, ishara ni mkono, ndivyo waendeshaji wote duniani wanavyofanya.

Nikamuuliza mbona basi aliyakwepa yale mashimo. Akaagiza gonja nyingine.