Mtungi wa Bibi na makochi ya mninga

Mkoba wangu wa kazi hauachani na futi kamba, chaki, na bahasha yenye vipande vya vitambaa. Nashona mapazia na kuvisha makochi hapa Mtwara mjini, chumba changu cha kazi kiko Ligula. Kazi hii imeniingiza katika sebule za watu wa kila aina. Nimeingia za Shangani zenye upepo wa bahari, za Chikongola ambako kochi lilipita baada ya mlango kung'olewa, na hata za Msangamkuu ng'ambo ya maji, nikivuka na sponji niliyoikunja na kuifunga kamba.

Karibu kila sebule nimekuta chombo cha udongo au cha kauri kimewekwa kwa ajili ya urembo. Na wakati napima mito, mwenye nyumba hukitupia jicho na kuniuliza, "Fundi, mbona hiki hakikai?"

Napenda wanavyolitumia neno hilo. Nguo ikimfaa mtu tunasema imemkaa, na sisi mafundi tunajua kwamba nguo haikai kwa sababu ni ya bei mbaya. Inakaa kwa sababu imelingana na mwili. Chombo cha urembo nacho kina mwili wa kulingana nao, na mwili huo ni fanicha. Watu wengi wananunua chombo kwanza kwa kukipenda dukani, kisha wanazunguka nacho sebuleni wakitafuta pa kukiweka.

Mimi pia nilifanya hivyo, na iliniuma. Ilikuwa msimu wa 2017, ule ambao kilo ya korosho ilifika shilingi 4,000. Wateja wangu wa Tandahimba na Newala walilipa bila kukumbushwa, nami nikaagiza kwa seremala seti ya makochi ya mninga, moja la watu watatu na mawili ya mtu mmoja mmoja, na meza yake. Niliyavisha mwenyewe kwa mahameli ya rangi ya ugoro. Fundi alipiga vanishi mikono na miguu mpaka unajiona usoni. Nilikuwa na furaha kweli. Kisha nikaingia duka moja la mjini nikanunua vyombo viwili vya maua vya kauri, vyekundu, vyenye michoro ya dhahabu, vinavyonifika kiunoni. Nikaviweka kimoja kila upande wa kochi kubwa.

Makochi yangu mapya yakaonekana ya zamani siku hiyo hiyo. Nilivisogeza vyombo vile, nikavitenganisha, nikabadilisha pazia, wapi. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa. Mahameli inang'aa, vanishi inang'aa, vigae vya sakafuni vinang'aa, halafu nimeongeza kauri inayong'aa kuliko vyote. Jicho la mgeni likawa halina mahali pa kupumzika. Na ule wekundu haukuwa na ndugu yeyote mle chumbani, si kwenye mbao, si kwenye kitambaa.

Jibu lilitoka Newala, na halikutoka dukani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mtungi wa maji, tumbo pana, shingo fupi, ambao mdogo wake aliufinyanga kwa mkono wakati mama yangu bado msichana. Shingoni una mistari ya pembetatu iliyochorwa kwa kijiti kabla udongo haujakauka, na nilipokuwa mtoto niliamini aliyeichora alikuwa akitazama uso wa Bibi, kwa sababu nembo zilizochanjwa mashavuni mwake zilikuwa na pembetatu kama zile zile. Mtu wa mwambao huenda asielewe thamani ya mtungi kule juu Newala. Uwanda wa Makonde hauna mito, wanawake wa zamani waliteremka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Mtungi uliokuwa unatunza maji hayo haukuguswa ovyo. Nikiukaribia nikicheza, Bibi alikuwa ananiambia, "Mke mwenzangu, vunja vyote, huo uniachie."

Alipofariki, Mama Mkubwa akasema mtungi ni wangu. Ulishuka nami kutoka Newala kwenye basi, nimeupakata safari nzima kama mtoto mchanga. Niliuweka jikoni. Siku tulipopaka rangi jikoni nikautoa na kuuegesha kando ya kochi kubwa, mahali pa mojawapo ya vile vyekundu ambavyo nilikuwa nimeshampa dada yangu wa saluni. Jioni nilipowasha taa nikaona mkono wa kochi una rangi ambayo sikuwahi kuiona. Wekundu wa mninga, uliokuwa umezama chini ya ule ukahawia, umejitokeza. Udongo wa mtungi ulikuwa unauita. Nilikaa kwenye stuli nikautazama mpaka wali ukaungua.

Tangu siku hiyo nimeujaribu utaratibu mmoja katika nyumba za wateja, na bado haujaniangusha: chombo na fanicha viwe ndugu kwa rangi, lakini visifanane ngozi. Mbao laini yenye vanishi inataka udongo mkavu unaokwaruza kidogo kiganjani. Mahameli inataka chungu kisichong'aa. Rangi itoke kwenye ukoo mmoja, na ukitaka kujua ukoo wa mbao zako usitazame juu ambako jua na vumbi vimezichosha, vuta droo utazame ubavu wake.

Kauri ya kung'aa nayo ina mahali pake, na hilo nililiona vizuri Kilwa. Mwaka 2019 tulikwenda harusini Kilwa Masoko, na siku iliyofuata tukavuka kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu, yale yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwongoza wageni alituonyesha vipande vya vyombo vya kauri ya China vilivyovunjika chini ya kuta, vingine vya kijani kama maji ya kina kifupi, vingine vyeupe vyenye maua ya buluu. Vimekaa ardhini karne nyingi na bado vinang'aa. Vilipendeza mno kwa sababu ya kilichokuwa nyuma yake: matumbawe na chokaa, ukuta uliopauka, mkavu, usio na kelele. Sikuokota hata kimoja, vile ni mali ya taifa, lakini macho yangu niliyajaza.

Kwa hiyo nilipoitwa Mikindani na mama mmoja aliyerithi nyumba ya mawe, mwenye kitanda cha kamba anachokitumia kama kochi na viti vya mbao visivyopakwa chochote, sikumpeleka kwenye mitungi. Nilimwambia atoe kabatini mabakuli ya mama yake, ya kauri nyeupe yenye buluu, achague mawili tu, ayaweke kwenye kidaka, kile kijishubaka cha ukutani. Mto wa kitanda nikamshonea kwa buluu iliyofifia kidogo kuliko ile ya bakuli. Sebule ile naikumbuka kila nikipita Mikindani.

Makabati meupe ya bodi, haya ya kisasa ambayo vijana wananunua, yananipa shida zaidi. Meupe yake hayana joto. Chungu chekundu sana juu yake kinaonekana kama kimesahaulika hapo. Nimeona kinachosaidia ni chungu chenye mabaka meusi ya moshi, hasa kama kuna televisheni karibu. Ule weusi wa televisheni unapata mwenzake, na chungu kinakaa. Wenye viti vya chuma na meza ya kioo nawapa vyungu vyeusi, vizito kwa kuvitazama. Na wenye vinyago vya mpingo, ambavyo huku kwetu viko nyumba nyingi, nawaomba wasipange kinyago na chungu vikalingana urefu kama watoto wa paredi. Mpingo ni mti mzito hata ukiutupa majini unazama, na uzito huo jicho linauona. Chungu kikae chini, kinyago juu, au kinyume chake.

Urefu napima, sikisii. Mkono wa kochi langu una inchi 24 kutoka sakafuni, mtungi wa Bibi una inchi 17. Nimegundua chombo cha sakafuni kinachokomea hasa kwenye usawa wa mkono wa kochi kinaonekana kama kimekatwa. Kikae chini kabisa ya hapo au kifike mpaka usawa wa egemeo. Mitungi yetu ya asili ina kitako cha mviringo, haisimami kwenye vigae. Bibi aliuchimbia kishimo sakafuni. Mimi nimeushonea ngata, ile ya kubebea mzigo kichwani, kwa mabaki ya mahameli ile ile ya kochi, na ngata hiyo ndiyo iliyomaliza kazi, maana sasa kitambaa kimeteremka mpaka chini ya mtungi.

Kosa langu jingine nalisema ili mtu mwingine anusurike. Kuna chungu kidogo nilikiweka juu ya kabati la vyombo, nikakitia maji na matawi ya bogenvilia. Siku ya tatu nilipokiinua nikakuta duara jeupe kwenye vanishi, na halikufutika. Ilibidi seremala aje na msasa apige upya kabati lote juu. Alinieleza kwa upole, "Mama, chungu kazi yake ni kutoa jasho, ndiyo maana maji yake ni baridi." Kauri inachomwa kwenye tanuri zaidi ya nyuzi joto 1,200 ndiyo maana inaziba. Vyungu vyetu vinachomwa wazi kwa kuni na nyasi, moto haufiki hata 1,000, udongo unabaki na vitundu visivyoonekana na maji yanapita polepole. Sasa ndani ya chungu naweka chupa ya jemu yenye maji, au natumia vitu vikavu: matete, mabua ya mtama, matawi ya mkorosho yaliyopukutika.

Ukienda kununua, kishike chungu kwa kukiweka juu ya kiganja kilichokunjuliwa, kisha ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinaitika. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa, hata kama ufa wenyewe huuoni. Na usiyakimbie mabaka ya moshi, hayo ni mahali ambapo ukuni uliegemea.

Wiki iliyopita nilipanda Newala kwa ajili ya mteja wangu wa Chuno, ana makochi ya mninga yenye kitambaa cha rangi ya mchanga. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima anayefinyanga barazani kwake. Nikamsalimu shikamoo, nikatoa futi na kile kipande cha kitambaa. Hakushangaa. Alikichukua, akakiweka kando ya donge la udongo mbichi, akatikisa kichwa, akaingia ndani akatoka na udongo mwingine, mweusi zaidi kidogo.

"Ukiungua huu ndio utakuwa mwekundu," akasema. "Hilo kochi mkono wake uko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye futi. Akaweka alama kwenye paja lake kwa kidole chenye udongo. Alisema utakauka kivulini kwanza, hauharakishwi, na hatawasha moto kukiwa na dalili ya mvua. Kipande cha kitambaa alikibakiza. Narudi Jumamosi ya wiki ijayo, na ngata nimeshaishona.